Zamu ya Kamanthe Maabarani

Asubuhi ile kikundi cha mwethya, majirani wanaosaidiana kazi za shamba, kilifika kwa Maundu, nje kidogo ya Masii. Walikuja kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu wote wa nyumba ile walishika majembe, isipokuwa Kamanthe. Binti huyo, anayesomea uhandisi wa umeme kwa mtandao, alikuwa ndani na kompyuta yake.

"Baba Kamanthe, msichana ni mgonjwa," mzee Masila alitania, "ama anaogopea kucha?"

Watu walicheka. Maundu aliona aibu, akaingia ndani. Kwenye skrini kulikuwa na mota. Wiki iliyotangulia alimwona bintiye akiunguza mota kama hiyo kwenye skrini, huku akicheka.

"Watu wako shambani, wewe uko na michezo?"

"Baba, si mchezo. Ni zamu yangu ya maabara."

Maundu aliifunga kompyuta. Kamanthe alichukua jembe akilia.

Wakati wa chakula, jirani yao Mueni, fundi wa maabara katika chuo cha Kamanthe, alimwuliza kilichomliza. Alipoelezwa, aliweka sahani chini.

"Baba Kamanthe, ile iliungua wiki jana ilikuwa ya kuiga. Hapo mwanafunzi anakosea bila kuharibu kitu, ndio ajifunze. Ya leo ni mota ya kweli. Iko chuoni. Anaiwasha kutoka hapa, anaiona kwa kamera, anasoma vipimo."

"Si aiwashe sasa?"

"Mota ni moja, wanafunzi ni wengi. Na leo ilikuwa siku ya mwisho."

Bila vipimo hivyo, Kamanthe hangekubaliwa kwenye mafunzo ya kazini katika kiwanda cha Athi River. Maundu hakumaliza chakula.

Jumatatu alimpigia mwalimu simu, akakiri kosa lake. Kamanthe alipewa zamu nyingine, lakini ya muhula uliofuata. Nafasi ya kiwandani ilikwenda kwa mwingine.

Siku ya zamu hiyo, Maundu aliomba mwethya uahirishwe, akaketi kando ya bintiye. Kamanthe alibonyeza, na huko chuoni mota ikazunguka.

"Inakusikia kutoka huku?"

"Inanisikia, Baba. Ngoja niandike."

Vipimo vilikubaliwa. Mwezi Januari Kamanthe aliingia kiwandani, pamoja na wanafunzi wa darasa lililomfuata. Wao humwita "nyanya", yaani bibi yao, kwa utani, naye hucheka. Maundu hulisikia jina hilo kwenye simu. Yeye bado hajaweza kucheka.