Nafasi Waliyoiacha Heroe

Asubuhi ya kwanza ya jambo lile Hammadi aliendelea kuhesabu tu. Heroe, ndege wale wa waridi wenye miguu mirefu, walisimama ziwani kwa maelfu, wamebanana, ila katikati waliacha nafasi ya duara, upana wa mkeka, kama watu wanavyomwachia mgeni pa kukaa. Asubuhi ya pili nafasi ile ilikuwa imesogea karibu na mtumbwi.

"Ami, unaiona?" Ghita alinong'ona, darubini machoni.

"Naiona. Wewe hesabu ndege, binti yangu. Pasipo na ndege hapatuhusu."

Majira ya kuchipua yalikuwa yameanza, ndege wakijiandaa kurudi kaskazini, na walinzi hao wawili wa hifadhi walikuwa wamewahesabu alfajiri thelathini mfululizo. Hammadi alichoka hadi kwenye kucha. Pale ziwani hata watoto wanajua: kabla ya jua kutoka, jina la mtu halitajwi juu ya maji. Walinzi wakitengana huitana kwa mluzi, mmoja kwa Hammadi, miwili kwa Ghita.

Asubuhi ya tatu Ghita alishuka mtumbwini kutazama viota vya bata kwenye matete. Ukungu ukatanda, ikaja harufu ya hina mbichi, matete yakalia bila upepo, na Hammadi akapiga miluzi miwili, akangoja, akapiga tena, midomo imemkauka, kichwa kizito kwa usingizi wa mwezi mzima, hadi ulimi ukamponyoka.

"Ghita!"

"Labeka, ami," sauti ya Ghita ikaitika kutoka kwenye matete.

Lakini Ghita alikuwa nyuma yake, ameshika ubavu wa mtumbwi, midomo ameifumba. Alipoifungua, hakikutoka kitu.

Fakihi wa kijiji alisoma, akafukiza, akamwaga chumvi mlangoni. Mwisho akaketi.

"Lile lililomo ziwani limepewa jina, na sauti imefuata jina. Aliyetoa atoe jingine."

"Mtoto anaolewa mwezi ujao," mama yake Ghita alisema polepole. "Ataulizwa kama ameridhia. Atajibu na nini?"

Hammadi alivaa mabuti yake. "Nilikuwa nataka kulala tu," akasema.

Alfajiri alipiga kasia hadi kwenye ile nafasi, heroe wakimpisha bila kuruka, harufu ya hina ikimkaba, maji chini ya mtumbwi yametulia kama mtu anayesikiliza, naye akainama akayaambia kwa sauti ya chini: "Mimi ni Hammadi, mwana wa Zohra."

Heroe wakasogea. Nafasi ikafungika. Ufukweni mtu alikohoa.

"Ami, rudi basi," Ghita aliita, akilia na kucheka. "Miguu imeniganda."

Hammadi alimpungia mkono tu. Alikwenda nyumbani, akaketi sebuleni kuvua mabuti.

"Hammadi," mkewe aliita kutoka jikoni, "supu inapoa, mzee."

"Nakuja," sauti yake ikajibu kutoka uani.

Alifungua kinywa aseme kwamba si yeye. Hakikutoka kitu. Dirishani aliwaona kuku uani wakidonoa shayiri, wamebanana, ila katikati wameacha nafasi ya duara, upana wa mkeka.

"Mbona umezungukia nyuma?" mkewe alisema, na Hammadi akasikia komeo la mlango wa uani likifunguliwa.