Asiyekaribishwa

Harufu ya uvumba ilianza adhuhuri, ndani ya wodi ambayo hata kijiti cha kibiriti hakiruhusiwi kuingia. Muuguzi Idil alikagua jiko na vyoo, akapekua magodoro. Hapakuwa na moto popote. Harufu ikazidi, tamu na nzito, kama ya nyumba iliyofukizwa kwa ajili ya maiti.

Wodi hiyo ya Garissa ilikuwa ya kufuli. Mahakama iliwaleta humo watu waliotenda uhalifu wakiwa wagonjwa wa akili. Mustafe, kijana kutoka mji wa Diff, alimuua mjomba wake akiamini ni fisi aliyevaa kanzu. Sasa alimeza dawa bila kusukumwa na alizijua dalili zake. Jioni hiyo angeshika jembe bustanini kwa mara ya kwanza. Akifaulu, angeruhusiwa kumtembelea mama yake.

Baada ya swala ya alasiri alimfuata Idil.

"Abaayo, dada yangu, niliahidi nikisikia sauti nitakwambia wewe kwanza. Naisikia. Ni mjomba, yuko ukutani."

Nunow, mlinzi wa mlango, alisogea. "Huyu tumfungie," alinong'ona. "Jembe asipewe."

Kabla Idil hajajibu, ukuta ukasema, kwa sauti kavu ya mzee: "Mpwa wangu, njoo umalize ulichoanza."

Nunow alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Na wewe umesikia?" Mustafe alimuuliza Idil.

Kusema hapana kungekuwa rahisi. "Nimesikia. Sote tumesikia. Haya si maradhi yako."

"Basi tumfungie kabisa," alisema Nunow.

"Tukimfungia, huyo wa ukutani ndiye atakuwa daktari wa wodi hii. Atakwenda kulima. Wagonjwa wengine wabaki ndani. Wewe simama karibu nami."

Bustanini Mustafe alilima tuta la kwanza kimya, na harufu ikawafuata, ikapanda kutoka kwenye udongo wenyewe, na ile sauti ikaacha kuwa ya mzee ikawa ya Idil, ikatoka nyuma ya Idil aliyekuwa amefumba kinywa, ikimwambia kijana apige, apige sasa, fisi ndiye huyu hapa mbele yako, mpaka jembe likaanza kupanda juu ya bega lake na Nunow akashindwa hata kuinua mguu.

"Abaayo," alisema Mustafe, jasho likimtiririka, "uso wako umegeuka. Una meno ya fisi."

"Utafanya nini?"

"Naliweka chini."

Akaliweka, akaukanyaga mpini, akaugeukia ukuta wa wodi.

"Mjomba wangu nilimuua mimi. Nitambeba mpaka kaburini. Wewe si yeye. Yeye alikuwa mpole. Dawa nitameza, Ayatul Kursi nitaisoma, na hapa huna mtu."

Akaisoma. Idil akaisoma pamoja naye, kisha Nunow naye, kwa sauti iliyokatika. Kitu kikaupiga ukuta kwa ndani, plasta ikadondoka, na harufu ikakatika ghafla.

Wiki iliyofuata Idil alimsindikiza Mustafe kwa mama yake, Fatumo, aliyepanga chumba mjini ili awe karibu na mwanawe. Macho ya mama yalikuwa na ukungu. Alimpapasa mwanawe uso, akalia, akamkumbatia Idil. Kisha akatazama mlangoni.

"Na huyo mzee aliye nyuma yenu, mbona haingii?"

Idil aligeuka. Mustafe hakugeuka.

"Huyo hakukaribishwa, hooyo," alisema, akiusukuma mlango kwa kisigino mpaka ukajifunga. "Nimekuja kunywa chai yako."