Njuki Amerudi Kazini

Jua lilikuwa linazama Ruguru alipofika kwenye kituo cha afya pembeni mwa soko la Ishiara. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Radi ilikuwa imepiga mchana, na mtambo unaohifadhi faili za wagonjwa ukasahau watu wote: majina ya watumiaji, vikundi vyao, na nani aruhusiwe kufungua nini. Faili zilikuwepo. Wa kuzifungua ndiye hakuwepo.

Ruguru, fundi wa kompyuta aliyeishi mtaa wa Dallas kule Embu, alishazoea. Unatafuta nakala ya zamani ya mipangilio, unairudisha, unaenda nyumbani.

Nakala zote zilikuwa zimeharibika, isipokuwa moja. Ya mwezi wa tatu.

"Hakuna ya karibuni?" aliuliza Sista Halimah, muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Imebaki hiyo tu, sista. Kwani kuna shida?"

Halimah alitazama mlangoni kwanza.

"Hiyo ina Njuki."

Njuki alikuwa karani wa rekodi. Walimzika mwezi wa nne.

"Nitamfuta nikimaliza kuwarudisha wengine," Ruguru alisema.

"Hunielewi, mwanangu." Halimah alimsogelea, akanong'ona. "Alikuwa anafungua faili ya mgonjwa jioni, anakaa nayo tu. Akiifunga... mgonjwa anakwenda. Watu watano. Tulipomtoa kwenye mtambo, hakumaliza siku tatu. Na hakuwa anaumwa."

Ruguru hakucheka. Lakini wodini kulikuwa na Susan, aliyejifungua mchana huo na bado anavuja damu, na hakuna aliyeweza kuona kundi lake la damu. Wakatazamana. Halimah akainamisha kichwa kukubali.

Ruguru akabonyeza.

Majina yakaanza kurudi. Madaktari. Wauguzi. Maabara. Rekodi. Halimah alisoma alichohitaji kwenye faili ya Susan, akakimbilia wodini.

Ndipo harufu ilipoingia. Udongo mbichi... kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Kwenye kioo cha laptopu ya Ruguru, kando ya jina la Njuki, alama ya kijani ikawaka.

Ameingia.

Ruguru alijiambia ni mtu anayetumia paswadi ya marehemu. Akaangalia ni mashine gani. Ilikuwa kompyuta ya Njuki mwenyewe. Akageuka polepole. Ilikuwa pale pale kwenye kona, imefunikwa shuka, waya wake wa stima umeviringishwa juu.

Tak.

Chini ya shuka.

Tak... tak... tak.

Faili ilifunguka. Mzee Mutegi, kitanda cha nne. Ikakaa wazi kwa muda, kama mtu anayesoma bila haraka. Kisha ikafungwa.

Wodini mwanamke alipiga ukemi mmoja tu.

Faili nyingine ikafunguka. Susan.

"Wacha!" Ruguru alisema kwa sauti, asijue anamwambia nani. Akalifuta jina la Njuki. Likarudi. Akamtoa kwenye kikundi cha Rekodi. Akarudi. Mtambo ulikuwa bado unarudisha kila kilichokuwemo kwenye nakala ile, na kila alipomtoa ulimrejesha.

Tak... tak...

Alijitupa chini ya meza, akapapasa gizani kwenye vumbi, akang'oa nyaya za mtambo, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ulikataa. Akauvuta kwa mikono miwili.

Kimya.

Halimah aliporudi, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea. "Mzee Mutegi ametuacha. Alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini... basi. Lakini Susan yuko. Damu imekatika."

Ruguru alishusha pumzi. Kwenye laptopu yake ilikuwa imebaki orodha ya yote yaliyofanyika kabla ya mtambo kuzimika. Akaisoma, mstari kwa mstari.

Mutegi, imefunguliwa. Imefungwa.

Susan, imefunguliwa. Haikufungwa.

Halafu mstari mwingine, wa dakika ile aliyokuwa chini ya meza. Wafanyakazi nao walitibiwa hapo, na kila mmoja alikuwa na faili yake.

Halimah, imefunguliwa. Imefungwa.

"Alifungua ngapi?" Halimah aliuliza nyuma yake.

Ruguru aliifunika laptopu.

"Mbili tu, sista."

Halimah alimtazama usoni. Alifunga vizuri kitambaa chake, akavua rundo la funguo kiunoni, akaenda mlangoni kumwita muuguzi wa zamu.

"Njoo, mama," alisema taratibu. "Shika hizi. Nikuonyeshe ya kabati la dawa ni ipi."