Bwana Subiri na Mnada wa Masafa

Redio yetu iko katika chumba cha uani. Ukutani tumebandika magodoro ya zamani ili sauti zisigongane. Asubuhi wifi yangu anasoma habari. Mimi nasoma matangazo: mtoto amepotea, maji yatakatwa, zahanati inachanja. Kaka yangu, mume wa wifi, anashughulikia mitambo. Mtaani wanamwita Bwana Subiri, na jina hilo limemkaa sawasawa.

Jina alilipatia minadani. Kaka ni bingwa wa minada ya vitu vilivyotumika. Kule hanyanyui mkono mapema. Anajikuna kidevu, anatazama pembeni kana kwamba amekuja kumsindikiza mtu. Dalali akikaribia kugonga nyundo, ndipo kaka anataja dau lake, yaani bei anayotoa. Hivyo ndivyo alivyopata vipaza sauti vyetu, hata jenereta. Ukimwambia aharakishe, jibu ni lilelile: "Subiri kwanza."

Leseni yetu ilikuwa ya muda, na ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka. Bila leseni mpya, redio ingezimwa. Serikali ikatangaza mnada wa leseni za masafa, yaani zile njia za hewani ambazo kila redio hupewa yake ili zisiingiliane. Mnada ungefanyika kwenye kompyuta, raundi baada ya raundi.

"Mnada?" kaka alisema. "Hapo mmenifikisha nyumbani!"

Siku ilipofika tulikaa watatu mbele ya kompyuta. Raundi ya kwanza ikafunguka. Wifi akaweka vidole tayari.

"Subiri kwanza," kaka akasema. "Tusiwaonyeshe kwamba tunataka."

"Mume wangu, wenzetu wanaweka dau."

"Waache wachoke."

Raundi ikafungwa. Ya pili ilipofunguka, kaka akatoa ruhusa. Wifi akabonyeza. Kompyuta ikakataa. Akabonyeza tena. Wapi! Tulikuwa tumeshatolewa mnadani.

Macho yalimtoka kaka. "Wezi hawa!" alipiga kelele. Jioni ile hakula. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, kwa sababu redio ile ndiyo maisha yetu.

Kwa bahati, masafa mengine yalibaki, yakawekwa kwa ajili ya mnada wa pili. Kabla ya mnada huo, Mamlaka ya Mawasiliano, ndiyo iliyoendesha mnada, ikawaomba washiriki wote watoe maoni kuhusu ule wa kwanza. Kaka akakataa katakata.

"Hayo ni maoni ya walioshinda," alisema. "Tena tukilalamika, mnada wa pili watatukumbuka kwa ubaya."

Wifi hakubishana naye. Alipiga simu Mamlaka, na wiki hiyohiyo akaja dada mmoja mwenye miwani na mkoba mzito. Kazi yake ilikuwa kukusanya maoni ya washiriki. Kaka hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Andika," alimwambia. "Mnada mbovu. Mmetuonea. Nukta."

Yule dada akaandika, kisha akaketi. "Nimeandika. Hapo nimejua una hasira, kaka yangu. Sijajua kilichotokea."

"Ukijua itasaidia nini? Mtaurudia mnada?"

"Hapana, nisikudanganye. Matokeo yale hayabadiliki. Lakini kanuni za mnada wa pili bado zinaandikwa. Tunawauliza waliokuwemo ili tuzirekebishe."

"Hata sisi tuliotolewa?"

"Nyinyi hasa! Aliyeshinda ataniambia kila kitu kilikuwa sawa. Aliyekwama ndiye anayejua pa kukwama."

"Na mnada wa pili je? Hamtatubania?"

"Maoni hayahusiki kabisa katika kumpata mshindi. Kama una siri ya biashara, niambie, hatutaitangaza. Mengine yote tutayatangaza pamoja na majibu yetu: lipi tumekubali, lipi tumekataa, na kwa nini."

Kaka akajikuna kidevu. Wifi hakuvumilia tena.

"Dada, ukweli ni kwamba tulikaa kimya raundi nzima. Mume wangu alikuwa anamvizia dalali."

Nikaangua kicheko, halafu nikajuta. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na dalali mwenyewe hakuwepo," alisema polepole. "Nilidhani mnada ni mnada tu. Redio hii nimeiua mimi."

"Bado haijafa," yule dada akasema. "Kanuni ilisema asiyeweka dau raundi ya kwanza anahesabiwa amejitoa. Hukuiona?"

"Ilikuwa huko mbali, katikati ya maneno mengi."

"Basi hayo ndiyo maoni! Nieleze ulichokiona, ulichodhani na kilichotokea. Kisha uniambie ni kitu gani kingekusaidia."

Kaka akasogeza kiti. Alieleza yote bila kuficha. Akaomba onyo liwekwe wazi kwenye skrini. Akaomba pia mnada wa majaribio, watu wajifunze kabla ya siku yenyewe. Mwisho akaongeza, "Na bei ya kuanzia mtupunguzie sisi peke yetu."

Yule dada akacheka. "Nitaandika, lakini usilitegemee hilo."

Majibu yalitangazwa. Kumbe washiriki wengine kadhaa walikwama palepale tulipokwama sisi! Onyo lilikubaliwa. Majaribio yalikubaliwa. La bei lilikataliwa, kwa sababu washiriki wote lazima waanze sawa.

"Jamani, wamesoma mpaka upuuzi wangu!" kaka alisema. Alifurahi utadhani hilo nalo limekubaliwa.

Kwenye majaribio tulikosea, tukauliza, tukaelewa. Siku yenyewe maneno makubwa yalitokea kwenye skrini: "Usipoweka dau raundi hii, unatoka." Wifi alikuwa bado anavuta kiti. Kaka alikuwa ameshabonyeza.

Tulipata leseni. Kesho yake wifi aliitangaza hewani, na majirani walituletea pongezi hadi mlangoni.

Baada ya muda Mamlaka ikawaomba washiriki maoni kuhusu mnada wa pili. Nikampelekea kaka habari hiyo akiwa ameinamia mitambo.

"Subiri kwanza," wifi akamwambia. "Safari hii tumeshinda. Kunywa chai, utaandika baadaye."

Kaka alikuwa ameshashika kalamu.

"Nisubiri nini?" akauliza.