Samli ya Bibi Haiingii Puani

Mtaa mzima huniita Bibi Samli. Natikisa maziwa kibuyuni, napata siagi, naichemsha mpaka samli inanukia kwa majirani. Mtu akikohoa, anakuja kwangu. Mtoto mchanga akizibwa pua, mama yake alikuwa akimleta nimdondoshee matone mawili puani. Nilijiona daktari. Nilichokosa ni koti jeupe tu.

Siku moja mjukuu wangu wa miezi mitatu akashikwa na mafua.

"Mama, tafadhali, usimtie samli puani," mkwe wangu akasema. "Kliniki wamekataza."

"Hao wa kliniki wamezaliwa jana," nikamjibu.

Alipotoka kuanika nguo, nikayeyusha samli kidogo. Tone huku, tone kule. Mtoto akapaliwa, akakohoa, akanyamaza. Nikampangusa kwa upindo wa nguo yangu, nikakaa kitako kama sijui lolote.

Alasiri mtoto akakataa ziwa. Alihema mbiombio, na chini ya mbavu palibonyea ndani. Mkwe akamkimbilia jirani yetu muuguzi, ambaye sote tunamwita Sista. Sista akaja, akamfunua mtoto kifua, akatazama saa, akahesabu pumzi dakika nzima.

"Sitini na mbili! Kwa umri wake, zikifika hamsini ni hatari. Twende hospitali sasa hivi. Amepewa kitu gani?"

"Maziwa yangu tu," mkwe akasema.

Sista akanigeukia. Nikisema, nitaaibika mtaa mzima. Nikinyamaza, je, mtoto?

"Ni mimi," nikasema. "Samli. Puani. Asubuhi."

Mkwe akamkumbatia mtoto, akanipa mgongo. Afadhali angenifokea.

"Umefanya vizuri kusema, bibi," Sista akasema. "Daktari lazima ajue. Mafuta ya puani huteleza mpaka kwenye mapafu. Mapafu yanataka hewa."

"Hata samli safi kama yangu?"

"Hata ingetoka peponi!"

Hospitali wakamwekea oksijeni, wakampa dawa. Siku tatu sikutania mtu. Siku ya nne mkwe akamweka kifuani. Mtoto akalidaka ziwa, akanyonya kwa kelele kama aliyetoka safari ndefu. Nikapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza harusi ni ya nani.

Tuliporudi nyumbani, Sista akatufundisha.

"Mtoto mchanga akizibwa pua, mtieni matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa. Mpanguseni, mnyonyesheni mara nyingi. Akihema haraka, kifua kikibonyea au akikataa kunyonya, msingoje. Hospitali!"

"Na samli yangu nikamwage?"

"Usimwage, bibi. Mtu mzima koo likimkwaruza, alambe kijiko. Italainisha koo, lakini haitibu mafua. Mafua huondoka yenyewe. Kikohozi kikifika wiki mbili, akapimwe."

Wiki iliyofuata mama mmoja akaingia uani na kichanga chake.

"Bibi Samli, matone mawili tu."

Wanawake waliokuwa wakifua wakatega masikio. Mkwe wangu naye akaacha kukamua shuka.

"Matone hayo nusura yaniulie mjukuu," nikasema kwa sauti. "Samli yangu haiingii puani tena. Kaa hapa nikuonyeshe."

Nikamfunua mtoto kifua. Tukahesabu pumzi kwa saa aliyoniazima Sista: thelathini na nane. Kifua hakibonyei, na ziwa analivuta vizuri. Nikamtuma mama yake duka la dawa akanunue maji ya chumvi. Wafuaji wakanipigia makofi, na mmoja akasema sasa nitafutiwe lile koti jeupe.

Mkwe akamfungua mtoto wake mgongoni. Akanijia, akaniwekea mjukuu mapajani.

"Mshike, Mama, nikaanike."

Akainua beseni lake la nguo, akaenda, wala hakugeuka nyuma. Nilimshika yule mtoto kama taji. Na kwa kuwa vigelegele vya hospitali vilikuwa bado vinanikwaruza koo, nikaagiza kopo langu la samli, nikalamba kijiko kimoja. Mimi mwenyewe. Kwa mdomo.