Beseni Lisilokatwa

Siku ya soko mjini Kitale, mtu mwenye busara hagusi kitu kilicho chini ya kingine. Wangu, msichana wa Mzee Muchiri wa mtaa wa Matisi, alijaliwa vipaji vingi, lakini busara ya namna hiyo hakupewa. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa pazia kuukuu na mifuko miwili ya suruali za jinzi. Masikioni alining'iniza vizibo vya soda, na begani alibeba gunia la vitu ambavyo binadamu wenzake walikuwa wamevitupa. Macho yake yalikuwa mtaroni, kama kawaida yake. Ndipo akaona kipande cha plastiki nyekundu kikichungulia chini ya mnara wa mabeseni kando ya barabara.

Nyekundu ilikuwa adimu. Wangu aliinama, akakishika, akavuta.

Kumbe kipande kile kiliwekwa pale makusudi ili mnara usiyumbe. Mabeseni yaliporomoka, makubwa kwa madogo, yakaingia barabarani yakibingirika katikati ya pikipiki na mikokoteni. Mwendesha boda mmoja alipoona la kijani linamjia, alipiga honi, kana kwamba beseni lina masikio. Nyuma ya mitungi ya maji akatokea kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akaanza kukimbiza mali yake.

"Madam," alisema akiwa amekumbatia mabeseni matatu, "kama ulitaka kununua si ungeniambia tu."

"Sikutaka kununua. Nilitaka hii." Wangu alimwonyesha kipande.

"Hiyo ndiyo ilikuwa inashikilia duka."

"Nimeona."

Kijana alimtazama, akatazama vizibo masikioni, akacheka mpaka mabeseni yakamponyoka tena. Waliyaokota pamoja. Alijitambulisha kuwa Zachary wa Bungoma, ambako alikuwa na duka lake. Kitale alikuja siku za soko tu. Wangu naye alimweleza kwamba yeye ni msanii, kwamba hutengeneza picha kwa taka, na kwamba, bila kumkosea heshima, mtu anayeuza plastiki ni adui yake. Zachary alijibu kwamba hajawahi kuwa na adui mzuri hivyo. Akampa kile kipande chekundu na namba ya simu.

Mapenzi hayana macho, na kama yangekuwa nayo yangeziona hitilafu mapema. Mara ya kwanza Zachary alipomwalika kula nyama choma, Wangu alikuja na sahani yake, kijiko chake na kikombe chake ndani ya kikapu, maana hoteli ile ilitumia vya plastiki vya kutupa. Mhudumu alidhani ni mkaguzi wa afya, akawaletea kipande kinono kuliko vyote. Zachary alikula akitafakari kwamba huyu msichana ana faida zake.

Nyumbani Matisi, maji ya kuoshea vyombo Wangu aliyamwagia sukuma wiki iliyoota kwenye magunia. Mabaki ya kazi yake aliyageuza magari na wanasesere, akayapeleka mtaa wa mabanda wa Kipsongo kwa watoto wasio na vya kuchezea. Tatizo lilikuwa karakana. Alifanyia kazi jikoni kwa mama yake, na mama alishawahi kukuta kizibo ndani ya mukimo, viazi vyake vya kuponda. Tangu siku hiyo neno "hama" lilikuwa likisikika katika kila sala ya chakula.

Kwa hiyo Gathii, mwenyekiti wa kamati ya soko, alipompa nafasi, Wangu aliishika kwa mikono miwili. Ukuta wa ghala la soko ulikuwa mtupu. Wangu aweke picha pale, na ikipendeza, chumba kilicho nyuma ya ukuta kiwe karakana yake. Sharti lilikuwa moja: vipande vyote viwe taka za Matisi, zilizoletwa na wenyeji kwa hiari yao, ili mitaro ipate kupumua. Akishindwa, ukuta ungechorwa tangazo la sabuni.

Wangu aliamua kutengeneza korongo mwenye taji, ndege wa vinamasi vya kwao. Akatangaza kanisani, akatangaza dukani, akaweka pipa langoni. Siku zikapita, na ndani ya pipa akalala paka.

"Hakuna anayeleta," alimwambia Zachary kwenye simu jioni moja, sauti imemlegea. "Wananiambia 'kazi nzuri, Wangu,' kisha wanatupa mtaroni nikiwatazama."

"Pole, msanii wangu. Watu hubadilika pole pole bana."

"Korongo hana taji wala kidevu. Nyekundu ni kipande kimoja tu, manjano sina. Nitampa Gathii ndege mwenye upara?"

"Upara si ugonjwa. Baba yangu anao."

Wangu alicheka kidogo, kisha Zachary akasikia kilio kimejificha ndani ya kicheko. Usiku huo hakulala vizuri. Alimpenda, na mtu anayependa akikosa la kufanya, hufanya lolote.

Asubuhi iliyofuata Wangu alifungua lango akakuta gunia limejaa vipande vyekundu, vinang'aa. Alikaa chini akalia kwa furaha. Siku chache baadaye likaja la manjano. Halafu kijivu cha mbawa. Hakujua kwamba Kimaiyo, mwendesha boda aliyefanya safari za Bungoma, alikuwa akiyashusha alfajiri na kuondoka huku amezima injini. Wangu alijua jambo moja tu, kwamba Matisi imeamka.

Kwa kuwa hakujua nani wa kumshukuru, alishukuru kila mtu. Alipita nyumba kwa nyumba. Na hapa niwaseme majirani, maana walistahili: hakuna hata mmoja aliyekana. Mzee mmoja alisema ni wajibu wake. Kabura, anayekaanga viazi kwenye kona, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu na kusema ati si kitu, tusaidiane tu. Hata mlevi wa mtaa alipokea shukrani zake na kuahidi kuendelea.

Korongo alikaribia kukamilika. Wangu alitaka kumwalika Zachary ana kwa ana kwenye siku ya kuufunua ukuta, tena kwa kumshtukiza. Alifunga mandazi kwenye jani la mgomba, akavaa gauni la pazia, akaenda Bungoma.

Dukani hakuwepo mtu. Nyuma ya duka kulikuwa na mlio wa nyundo na mtu anaimba. Wangu alizunguka taratibu, tabasamu limemtangulia. Alimkuta Zachary amekunja mikono ya shati, ameweka beseni jipya jekundu juu ya jiwe, anatwanga kama anayeua nyoka. Kando yake kulikuwa na gunia wazi. Wangu alilijua gunia lile.

"Zachary."

Nyundo ilisimama hewani. "Wangu. Ungenipigia simu kwanza, mpenzi."

"Ile nyekundu ilikuwa yako."

"Ilikuwa ya dukani."

"Na manjano?"

"Pia."

"Kuna mtu yeyote Matisi aliyeleta kitu?"

Zachary alitamani sana kudanganya, lakini uso wake haukuwahi kujifunza. "Sijui. Mimi nilikuwa nauliza Kimaiyo kama umefurahi tu."

"Nilifurahi. Nililia. Nimeshukuru watu nyumba kwa nyumba, Zachary. Nimeshukuru mpaka mlevi."

"Nilitaka usivunjike moyo."

"Umenitengenezea taka," alisema Wangu polepole. "Umechukua kitu kizima ukakiua, ndio mimi nikiokoe. Na mimi nimesimama kanisani nikasema hii ni roho ya watu wetu."

Wangu aliyaweka mandazi juu ya jiwe, akaondoka. Huko nyuma Zachary aliyala yote kwa huzuni, na kila moja lilimwonjesha kosa lake upya.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe wa sauti, ukabaki bila kusikilizwa. Wangu alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Akinyamaza, chumba ni chake na hakuna atakayejua. Akisema, ukuta utaoshwa kwa sabuni ya tangazo, na yeye atarudi kwenye mukimo ya mama. Alizunguka na jambo hilo kutwa nzima, hata sukuma wiki akaimwagia maji mara mbili.

Siku mbili kabla ya ukuta kufunuliwa, simu iliita kwa namba ngeni.

"Haro? Ni Wangu? Mimi mama ya Zachary."

Kwa Mama Zachary, l na r zilibadilishana viti katika kila sentensi, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuzirudisha. Wangu alisimama wima jikoni kama anaonekana. "Shikamoo, mama."

"Malahaba. Wewe ndiye umefanya kijana yangu avunje mari yake?"

"Hapana, mama. Nilimkuta akivunja."

"Ni sawa, maana mimi pia nirimkemea. Rakini sasa hari chakura. Anashinda kwa fundi, anachoma vidore."

"Anachoma vidole na nini, mama?"

"Na kisu ya moto. Anajifunza kushona mabeseni ya watu yariyopasuka. Ameandika kwa duka, usitupe, reta nishone. Sijui ni toba ama ni wazimu. Nimekupigia nikuurize, maana wewe uko kalibu na hospitari."

Simu ikakatika. Wangu alicheka peke yake jikoni mpaka mama yake akachungulia. Kisha akafuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko. Usiku huo alipata jibu la ukuta, kwa sababu hakuweza kumhukumu mtu kwa kuficha ukweli huku na yeye akiuficha.

Siku yenyewe soko lilijaa. Gathii alivaa kofia ya sherehe. Shuka lilipovutwa, korongo alisimama ukutani, taji la dhahabu, kidevu chekundu, mbawa zimekunjuka, na watu wakastaajabia uzuri wake. Makofi yalipoanza Wangu aliinua mkono.

"Msipige bado," alisema. "Rangi nyingi za ndege huyu si taka zetu. Ni mabeseni mapya yaliyovunjwa, yakaletwa langoni kwangu kwa siri. Mimi sikujua. Nilipojua, nilitaka kunyamaza kwa sababu nakitaka sana hicho chumba. Lakini niliwaambia ni kazi yenu, na si kazi yenu. Mzee Gathii, ukuta ni wako."

Kabura aliacha viazi vyake vikikaangika. Akafuta mikono kwenye aproni, akasogea mbele.

"Wangu, ulikuja kunishukuru na nilikuwa sijaleta kitu," alisema. "Nilikubali tu. Ukarudi tena kunishukuru. Sasa mtu anakushukuru mara mbili, utalala aje? Nikaokota mitungi yote ya mafuta, nikaitia kwenye pipa lako usiku. Hiyo miguu nyeusi ni yangu."

Mzee wa wajibu akakohoa, akasema mabaka meupe ya shavu ni ndoo zake, naye pia alianza baada ya kushukuriwa, kwa sababu ya aibu. Mwanamke mwingine akadai kucha za ndege ni zake. Mwisho mlevi wa mtaa alijipenyeza, akanyoosha kidole.

"Mdomo ni pataspata yangu," alisema kwa fahari. "Ndio maana niko na moja."

Watu walimtazama miguuni, na kweli alikuwa na ndala moja. Kicheko kililipuka. Gathii alivua kofia, akakuna kichwa, akatoa hukumu.

"Mimi nilitaka watu wa Matisi walete taka. Wameleta. Kwamba wamesukumwa na aibu, hilo kamati haiwezi kuchunguza. Kila kipande kipya kitabanduliwa kadiri taka ya kweli inavyofika. Chumba chukua, msichana, mama yako amenisumbua vya kutosha."

Wakati huo mvua ya Kitale, ambayo haijui kuomba ruhusa, ikamwagika. Watu walikimbilia vibandani. Uwanja ulipobaki wazi, Wangu aliona mtu mrefu amesimama peke yake, shati jeupe limelowa mabegani, kichwani amejifunika beseni la buluu lililopauka.

Alikwenda mpaka kwake. Zachary alilisogeza beseni likawafunika wote wawili. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge.

"Nimesikia yote," alisema. "Samahani, Wangu. Nilikuonyesha kwamba siamini watu wako wanaweza kukupenda bila mimi kuwasaidia."

Hilo ndilo lililokuwa limemuuma Wangu, na yeye mwenyewe hakuwa amelipatia maneno.

"Hilo limekwisha," alisema. Akainua macho. "Na hii beseni je, ni ya ukuta? Buluu pia sina."

"Hii usikate. Ni ya mama. Mimi nilioshwa ndani yake, na dada zangu wote. Ilikuwa imepasuka mahali pengi, nikaishona." Alilishika beseni kwa mikono miwili. "Mama amesema kuna mtoto mwingine ataoshwa humu. Lakini ati nitafute kwanza mama yake, na niulize kwa adabu. Kwa hivyo nauliza."

Mvua ilizidi kupiga. Wangu alinyoosha mkono, akapapasa ndani ya beseni kwa ncha za vidole, mshono baada ya mshono, kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi. Palikuwa pakavu.

"Huu wa pembeni ni mbaya sana," alisema.

"Najua. Ulikuwa wa kwanza."

"Umeenda upande."

"Nilikuwa nalia."

Wangu alimshika mkono wenye malengelenge, akausogeza ili beseni likae sawasawa juu yao.

"Usijali," alisema. "Mtoto wetu hataona."