Kifurushi cha Kilian

Wana Mbinga wenzangu, msiniambie haya hayatuhusu. Nyumba ya Baltazar na mkewe Ottilia mnaijua. Chumba cha mbele walifungua duka la kuchapa barua, miaka ile biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa na kompyuta zikaanza kufika hata kwetu. Kila Jumapili baada ya misa walikaa na binti yao Beata kusikiliza sauti ya marehemu Bibi Bonifasia, mama yake Baltazar, akiimba kwa Kimatengo wimbo wa kuchimbia ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Sauti hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta ya duka tu, kwingine haikuwako. Baltazar aliisikiliza huku machozi yakimlenga, wala hakuona haya.

Siku moja rafiki yake Kilian akaja na sidii. "Nyimbo za bure hizo, zimebanwa kwenye kifurushi kimoja. Fungua tu!"

Ottilia alikuwa na programu ya kuchungulia vifurushi vya namna hiyo, viwe vya zip, vya rar, au vile vya kusimika programu. Humwonyesha mtu kilichomo bila kukifungua, kama mnunuzi wa kahawa anavyochoma gunia kwa bambo aone punje za ndani kabla ya kulipa.

"Baba Beata," alisema kwa upole, "nimechungulia. Humu hamna hata wimbo mmoja. Kuna programu tu, tena siijui. Achana nayo."

Laiti angemsikia! Lakini dukani walikuwapo wanaume, na Kilian akaangua kicheko. "Kumbe hapa mpaka mama aruhusu? Mwenzetu amewekwa kiganjani!"

Jamani, walivyocheka! Baltazar akamsogeza mkewe pembeni. "Mwenye nyumba ni mimi," akasema, akabofya.

Kompyuta ikazima, ikawaka, ikazima tena. Fundi aliyeitwa kutoka Songea aliirudisha ikiwa nzima, ila tupu. Kilian hakuonekana tena pale dukani. Labda naye hakujua alichobeba, Mungu ndiye ajuaye.

Ottilia hakumsimanga mumewe, nami nampenda mama yule kwa hilo. Jumapili iliyofuata Beata akasema, "Baba, tuwekee bibi."

"Bibi hayupo tena humu, mwanangu."

"Basi imba wewe."

Baltazar akaanza. Akaimba mstari wa kwanza, akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Akamgeukia mkewe amsaidie. Masikini Ottilia ni Mnyasa wa kule Liuli, Kimatengo si lugha yake. Sauti aliijua, maneno hakuyajua. Mtu mzima yule akaweka kichwa mezani akalia.

FUNZO

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tumezoea kudhani mkuu lazima avae suruali. Kusikia la mkeo si kutawaliwa. Usifungue usichokijua eti kwa sababu watu wanakutazama. Wale waliocheka dukani walirudi makwao jioni ileile, wakala, wakalala. Aliyempoteza mama mara ya pili ni Baltazar peke yake.